Zulia la Jumatano

Kazi yangu ilikuwa ndogo, mama,
ndogo hata niliona haya kuitaja kwenye simu:
saa sita kamili za usiku
nilibadilisha mazulia ya lifti.
Lifti kumi na mbili, na kila zulia limefumwa jina la siku,
ili wazee wenye pesa, wakishuka kunywa chai,
wajue leo ni leo.

Maana kule siku hazina alama.
Huku Uru Jumapili unaijua kwa harufu ya pasi ya mkaa,
Jumatatu kwa matope ya viatu vya shule.
Kule ni maji, na kesho yake maji,
siku ya tano unaamka na maji yale yale
kama jirani mliyenuniana.
Abiria walicheza karata, wakalala, wakailalamikia supu.
Bibi mmoja alikuwa na daftari la kuhesabu ndege:
wiki nzima aliandika sifuri,
kila sifuri kwa mwandiko mzuri.

Chini kwetu hapakuwa na dirisha.
Mashine ya kunyoosha mashuka, joto lake,
sabuni ikila kucha.
Rodelio, msimamizi wangu, aliuliza kwetu kukoje.
Nikamwambia: mlima asubuhi, mawingu mchana,
mfereji nyuma ya zizi,
na baba aliyepima kahawa ya ushirika miaka thelathini
asiione bahari, hata ya Tanga.

Baba aliifuata meli kwa penseli
kwenye atlasi ya shule ya Aikande.
Bandari, nukta. Bandari, nukta.
Siku za maji aliziacha wazi.
"Sina pa kukuweka," alisema,
akakohoa, akausingizia moshi wa jikoni.

Kisha usiku ule
nahodha akatangaza: tunavuka mstari wa tarehe.
Rodelio akaja na furushi begani.
"Toa Jumanne, tandika Alhamisi.
Jumatano iache."
Nilicheka, mama. Siku nzima
tuliikunja tukaisukuma kabatini
kati ya ndoo na dawa ya kung'arishia shaba.
Wageni walipewa vyeti vya kuvuka,
na glasi ya kitu chenye mapovu.

Ujumbe wa Aikande ulinikuta bandarini, umechelewa siku sita:
*Baba ametutoka. Jumatano jioni.*

Nikaitafuta.
Jumanne niliikumbuka, tuliungua mikono.
Alhamisi niliikumbuka, kulikuwa na viazi.
Rodelio alijaribu kunihesabia masaa kwa vidole,
ya huku, ya kule,
nikamwambia aache.
Dunia nzima iligawiwa Jumatano ile,
watu wakaitumia kunyoa, kudaiwa, kulala mchana.
Mimi sikupewa hata dakika yake
ya kusimama nikalie.

Sasa nimerudi, saruji ya kaburi imeshaota ukungu,
masale yamenipita kiuno.
Unanisimulia siku hiyo vipande vipande
huku ukimenya ndizi:
alikataa uji,
akauliza kama ng'ombe amepewa mgomba,
akaitaka atlasi, akalala nayo kifuani.
Nisimulie tena, nasema.
Ulishasikia, unasema.
Kisha unasimulia, na safari hii kuna mvua
ambayo jana haikuwepo.

Mkataba ulipokwisha Rodelio alinipa zulia, kuukuu,
pembe imefumuka, lilikuwa la kutupwa.
Nimelitandika mlangoni.
Kuku wanapita juu yake, na Aikande na ndoo ya maziwa,
na wewe na tope lote la kihamba.
Juzi uliinama ukaziangalia zile herufi za kigeni.
"Limeandikwa nini?"
"Karibu," nikasema.

Ukafuta miguu, mmoja, kisha mwingine,
ukaingia.